Herufi Saba Zilizowafundisha Wanakwaya Kusoma Nota

Mwanakwaya wa Mwanza au Machakos akikabidhiwa karatasi ya wimbo mpya, mara nyingi hakuti mistari mitano yenye vitone vyeusi. Anakuta herufi: d, r, m, f, s, l, t. Zimepangwa safu nne, soprano juu na besi chini, na pembeni pameandikwa "Do ni G". Mwalimu akishatoa Do, aliyejifunza anaanza kuimba. Herufi hizo zina historia ndefu, na aghalabu waliozisogeza mbele ni walimu waliochoka kukaririsha.

Wa kwanza ni Guido wa Arezzo, mtawa wa Italia wa karne ya 11. Enzi zake wavulana wa kwaya walijifunza nyimbo za ibada kwa kusikiliza na kurudia, na Guido alilalamika kwamba hata miaka 10 haikuwatosha. Akaandika nota juu ya mistari, kila mstari na sauti yake. Kisha akachukua silabi za mwanzo za vifungu vya utenzi wa Kilatini wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji: ut, re, mi, fa, sol, la. Kila kifungu kilianzia sauti iliyo juu kidogo ya kilichotangulia, hivyo mtoto aliyeujua utenzi huo alikuwa na ngazi ya sauti sita kichwani. Watawa wenzake wa Pomposa walimwonea kijicho, akahamia Arezzo. Papa Yohane XIX alimwita Roma, na kwa njia ya Guido papa mwenyewe akaimba aya ambayo hakuwahi kuisikia. Karne zilizofuata ut iligeuka do, ikaongezwa sauti ya saba, si.

Wa pili ni mwanamke, naye hutajwa mara chache mno. Sarah Glover, binti wa mchungaji wa Norwich, Uingereza, alifundisha watoto kuimba kwa herufi za mwanzo za majina hayo, akitumia ngazi iliyochorwa ukutani. Ndiye aliyegeuza si kuwa te, ili herufi ya s isigombaniwe na sol. Kitabu chake kilitoka mwaka 1835.

Mwaka 1841, katika mkutano wa walimu wa shule za Jumapili mjini Hull, mchungaji kijana John Curwen alipewa kazi ya kutafuta njia nyepesi ya kufundisha uimbaji. Hakuwa mwanamuziki. Alikipata kitabu cha Glover, akajifunza kwacho, kisha akaibadili njia yake bila kumwomba ruhusa. Hilo lilikuwa kosa, ingawa baadaye alimtaja na kumheshimu waziwazi.

Maandishi ya Curwen ndiyo tunayoyasoma leo. Tazama kipande hiki:

| d : r.m | f : – |

Nukta mbili hutenga pigo na pigo. Do ina pigo zima. Re na mi, zilizotengwa kwa nukta moja, zinagawana pigo la pili nusu kwa nusu. Fa inaingia pigo la tatu, na kistari kinaamuru uivute hadi la nne. Fa ikipandishwa nusu sauti huitwa fe. Te ikishushwa huwa ta. Mwanafunzi makini hushika hayo kwa majuma machache.

Wamisionari waliyapeleka maandishi haya Madagaska, Afrika Kusini na huku kwetu. Sababu moja ni gharama: herufi huchapwa na mtambo wowote, hata taipureta, na huandikwa ubaoni kwa chaki bila kuhitaji kinanda. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, alitumia maandishi haya, yaitwayo sol-fa, kuandika Nkosi Sikelel' iAfrika mwaka 1897. Sauti ya wimbo huo ndiyo ya Mungu Ibariki Afrika, wimbo wa taifa tangu uhuru wa Tanganyika mwaka 1961.

Wapo wanaozibeza herufi hizi kuwa ni nota za wasiosoma muziki. Nawapinga. Anayeimba teno ya wimbo asiowahi kuusikia, huku wenzake wakiimba sauti tatu nyingine, anasoma muziki kikamilifu. Ni kweli kwamba mpiga kinanda anahitaji mistari mitano, na wimbo unaohamisha Do mara kwa mara huwa mzito kwa herufi. Hiyo ni sababu ya kujifunza zote mbili.

Kinachonisikitisha ni kuona kwaya nyingi zimerudi kule alikokimbia Guido: mwalimu peke yake ndiye anayesoma, waliobaki wanakariri. Siku akihamishwa, kwaya inanyamaza. Walimu wa kwaya, tengeni robo saa katika kila mazoezi, andikeni mstari mmoja mpya ubaoni, toeni Do, kisha nyamazeni, muwaache waimbaji wausome wenyewe.