Rubani wa Bendera Nne

Twapenda kusimulia ushujaa wa vitani, lakini ni mara chache kuuliza shujaa alilipwa nini. Na tumtazame Saiful Azam.

Alizaliwa mwaka 1941 huko Pabna, Bengali, akajiunga na jeshi la anga la Pakistan angali kijana. Katika vita vya 1965 baina ya Pakistan na India, aliangusha ndege ya kivita aina ya Gnat. Rubani wake akajiokoa kwa mwavuli, akatekwa. Azam akapewa nishani ya ushujaa, Sitara-e-Jurat.

Baadaye alipelekwa Jordan kufundisha marubani. Tarehe 5 Juni 1967, Israel baada ya kuteketeza ndege za Misri zikiwa chini, iliugeukia uwanja wa Mafraq, Jordan. Azam akapaa na Hunter ya Wajordan, akaangusha ndege aina ya Mystère. Siku mbili baadaye, akiwa na Hunter ya Wairaqi, aliangusha mbili nyingine, Mirage na Vautour, karibu na uwanja wa H-3, magharibi ya Iraq. Waarabu walishindwa vita vile, lakini Jordan na Iraq hazikumsahau, zilimtunuku nishani.

Ukaja mwaka 1971. Wabengali wa Pakistan ya Mashariki wakapigania nchi yao. Mwezi Agosti, rubani Mbengali, Matiur Rahman, alijaribu kutorosha ndege ya mafunzo kutoka Karachi, ikaanguka, akafa. Wakubwa wa jeshi basi walikuwa na sababu ya kuingiwa na khofu. Lakini Azam naye alizuiwa kuruka, akatiwa kizuizini. Nishani zake hazikumtetea. Lililotazamwa ni kabila lake.

Bangladesh ilipopata uhuru alirejea kwao, akalitumikia jeshi la anga la nchi hiyo changa. Hiyo ndiyo bendera yake ya nne. Mwaka 1991 alichaguliwa mbunge, na mwaka 2020 akafariki mjini Dhaka.

Pakistan ilimfunza, ikamtuza, kisha kwa dhana ikampoteza; wengine wakafaidi ujuzi wake. Nasi tujitazame. Ni mara ngapi jirani au mkwe aliyetutendea wema miaka mingi, siku ya fitina twamuuliza asili yake, tukasahau vitendo vyake? Dini yetu imetukataza dhana mbaya. Kosa la mtu mmoja si deni la kabila zima.