Nani alisema zamani kuingia chuo kikuu ilikuwa rahisi?

Wadau, kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, maneno ni yale yale: siku hizi kupata chuo ni vita, zamani mambo yalikuwa mteremko. Mimi hapo nabisha.

Tuanzie mwanzo. Chuo kikuu cha kwanza nchini kilifunguliwa Oktoba 25, 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wake hawakufika 20. Nchi nzima! Vita haikuonekana kwa sababu wengi walishachujwa mapema, tangu shule ya msingi. Aliyefika kidato cha sita alikuwa amepenya tundu la sindano.

Mwaka 1974 likaja Azimio la Musoma. Kufaulu mtihani hakukutosha tena. Kijana alipaswa kupita JKT, afanye kazi walau miaka miwili, kisha apate mapendekezo ya mwajiri na ya tawi la chama. Nia ilikuwa njema: tusizalishe wasomi wanaowadharau wakulima waliowasomesha kwa jasho lao. Lakini angalia kilichotokea. Ufunguo ulitoka kwenye karatasi ya mtihani ukaenda mfukoni mwa bosi na katibu wa tawi. Wasichana wakapungua vyuoni, na miaka michache baadaye ikabidi sharti lilegezwe kwa ajili yao.

Miaka ya 1990 vyuo binafsi vikaruhusiwa. Chuo Kikuu Huria kikaanzishwa kwa sheria ya 1992, UDOM ikafuata 2007. Wakati huo huo shule za kata, zilizoenea kwa kasi baada ya 2004, zikaleta maelfu ya vijana ambao zamani wangeishia darasa la saba. Mlango ulipanuka, lakini foleni nayo ikarefuka. TCU ikaleta mfumo wa pamoja wa udahili mwaka 2010, na mwaka 2017 waombaji wakarudishwa kuomba moja kwa moja vyuoni.

Mimi niliomba kwa utaratibu huo wa sasa, nikapata. Rafiki yangu tuliyelingana pointi naye alipata. Tofauti ni kwamba yeye ada ilimshinda, barua ya udahili ikabaki kabatini kwao.

Ndiyo maana nasema mchujo haujawahi kuondoka, umekuwa ukihama tu. Ulikuwa shule ya msingi, ukahamia kwa mwajiri na chama, na tangu uchangiaji wa gharama uanze, kwa wengi umehamia mfukoni kwa mzazi.

Kwa hiyo siku tukitangaziwa kuwa nafasi vyuoni zimeongezeka, tusipige makofi haraka. Tuulize kwanza: wangapi kati ya hao wana uwezo wa kuzikalia?