Grisi, Mchanga na Meli ya Liemba

Liemba imeishi muda mrefu kwa sababu ya grisi. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande na kuletwa Kigoma, jirani na Ujiji, ikaundwa upya na kushushwa ziwani Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini mafundi walikwisha kuipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924, injini na boila zilikuwa bado zinafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba.

Palipokosa grisi, chuma hushika kutu, na dawa ni kuikwangua. Mmarekani Benjamin Tilghman alipata hataza ya kuikwangua kwa kurusha mchanga kwa mvuke au hewa mwaka 1870. Baadaye mchanga ukafungiwa kabatini: fundi hutia mikono kwenye glavu ndefu, hutazama kupitia kioo, na vumbi, ambalo huua mapafu polepole, hubaki ndani. Kabati dogo huenea hata kwenye karakana ya nyumbani, likasafisha vali au kabureta. Bamba la meli ya mita 71 haliingii humo. Hilo hupigwa mchanga nje, au hukwanguliwa kwa nyundo na brashi ya waya.