Mdudu wa Fensi Aliyeishi na Jina la Mwingine

Muulize mtu mzima wa Kiambu ama Nyandarua kuhusu miaka ya tisini. Kabla amalize siasa za vyama vingi, anaweza kukuambia vile fensi za saipresi zilikauka. Matawi yaligeuka kahawia, mti mzima ukabaki kama umepitiwa na moto. Wengine wakasema ni jua. Kumbe ni kidukari, kadudu ka milimita chache tu kanakofyonza utomvu.

Alionekana Malawi mwaka wa 1986, na kufikia 1990 alikuwa Kenya. Saipresi nayo ni mgeni, asili yake ni Mexico, lakini huyu hakubagua: alipanda hadi kwa mutarakwa, mti wetu kabisa. Miti aliyoua mashariki na kusini mwa Afrika kufikia 1990 ilikadiriwa kuwa ya dola milioni 44.

Sasa sikia. Wataalamu walimwita Cinara cupressi, jina la mdudu wa Ulaya anayefanana naye. Kwa hivyo dawa pia ikatafutwa Ulaya: nyigu mdogo, Pauesia juniperorum, anayetaga yai ndani ya kidukari hadi afe. Aliachiliwa Malawi mwaka wa 1994, baadaye Kenya. Halafu 1999 Gillian Watson na wenzake wakamchunguza tena na kusema huyu si yule. Ni spishi tofauti, Cinara cupressivora, na kwao yaelekea ni kati ya mashariki mwa Ugiriki na kusini mwa Bahari ya Caspian. Miaka 13 nzima tunamwinda mtu kwa kitambulisho cha binamu yake! Nyigu alifanya kazi, hasa Malawi, lakini hiyo mimi naiita bahati.

Na haikuwa mara ya kwanza. Mwaka wa 1968 vipandikizi vya paini kutoka Australia vilifika Muguga na abiria wadogo. Hao waliitwa Pineus pini, siku hizi wanajulikana kama Pineus boerneri. Hata si vidukari halisi, ni jamaa zao tu: hutaga mayai, hawazai watoto hai, na hujifunika pamba nyeupe. Kidukari wa saipresi ana vinundu viwili nyuma ya mgongo. Huyu wa paini hana. Lakini bila lenzi, na bila mtu aliyelipwa akae chini aangalie, wote ni "wale wadudu".

Fensi yenu ikianza kukauka, fungua matawi ya ndani. Ukipata kunata na weusi kama masizi, piga picha ya karibu kabla ya kununua dawa.