Nguzo za Cape Fox

Mei 30, 1899, reli ya Waingereza kutoka Mombasa ilifika kwenye kinamasi ambacho leo tunakiita Nairobi. Kesho yake, upande wa pili wa dunia, meli iitwayo George W. Elder iling'oa nanga Seattle kuelekea Alaska, ikiwa na watu 126. Matukio haya mawili hayana undugu, ila mwenye safari ile ya Alaska pia alikuwa mtu wa reli. Edward Harriman, tajiri wa Union Pacific, alikuwa amechoka na daktari wake akamwambia apumzike. Basi akakodi meli.

Kwanza alitaka tu kwenda kuwinda dubu. Halafu akaona meli ina nafasi ya bure, akamwomba mwanasayansi wa Washington, C. Hart Merriam, amtafutie wataalamu: wa mawe, wa mimea, wa ndege. John Muir, mwandishi wa milima, alikuwemo. Edward Curtis, kijana mpiga picha wa Seattle, pia alikuwemo. Mke na watoto wa Harriman walipanda, pamoja na maktaba ya mamia ya vitabu, farasi, kondoo, kuku, na ng'ombe wa maziwa. Yaani pikiniki ya miezi miwili. Ukitazama matangazo ya meli ndogo za kitalii zinazoingia fiodi za kaskazini siku hizi, mtindo ni ule ule: asubuhi vijimashua vinashushwa mkatembee ufuoni, jioni mtaalamu anawapigia mhadhara.

Fiodi ni bonde lililochongwa na barafu kisha bahari ikaingia ndani: kuta za mawe huku na huku, maji ya kina katikati. Mara nyingi mwisho wake kuna barafuto, ule mto wa barafu unaoteremka polepole hadi kumeguka vipande baharini. Kwenye ghuba ya Prince William Sound wasafiri wa Elder walizikuta barafuto nyingi, wakazigawia majina ya vyuo vyao. Harvard, Yale, Vassar, Smith. Mpaka leo ndivyo zinavyoitwa. (Kwa wanaopenda mashindano: Yale imerudi nyuma sana, Harvard imekuwa ikisonga mbele.) Kisha wakafika mbele ya barafuto ya Barry. Kwenye ramani yao bahari iliishia hapo. Harriman akaamuru meli iendelee, na kumbe nyuma ya ukuta ule wa barafu palikuwa na upenyo, na nyuma ya upenyo fiodi nzima. Wakaiita Fiodi ya Harriman. Wachugach walikuwa wameishi na kuvua kwenye ghuba hiyo vizazi na vizazi, lakini wao hawakuchora ile ramani.

Sehemu hiyo ya hadithi inasimuliwa sana. Mimi nimekwama kwenye tarehe 26 Julai, meli ikiwa njiani kurudi nyumbani.

Siku hiyo walitia nanga Cape Fox, kwenye kijiji cha Watlingit. Kuna picha ya Curtis: kundi zima limejipanga ufuoni, kofia vichwani, na nyuma yao nyumba za mbao na nguzo ndefu za mwerezi zilizochongwa wanyama na watu. Hakuna mwenyeji hata mmoja. Ndui ilikuwa imewapunguza sana watu hao, na miaka michache kabla waliobaki walikuwa wamehamia kijiji kipya cha Saxman. Wageni wakaangalia milango, wakaangalia nyasi, wakakata shauri kwamba kijiji kimeachwa. Wakang'oa nguzo kadhaa, wakachukua na vinyago na vitu vya ndani, wakapakia melini. Muir hakupendezwa. Wengine waliona wanaokoa sanaa isioze, na vitu vikagawanywa kwa makumbusho.

Neno linaloniudhi ni hilo "kimeachwa". Kwetu ni Kaloleni. Babu alihama boma kabla sijazaliwa, na vigango vya wazee wa Gohu vilibaki palepale vilipochomekwa, manake ndivyo inavyotakiwa. Ukihama huchukui kigango. Marehemu hahamishwi hamishwi kama sofa. Lakini mtu asiyejua akipita, ataona nini? Vichaka, mbao zimesimama, hakuna mtu. Ataona vya kuokota. Ndivyo vigango vingi vilivyoishia Marekani, na mwaka 2007 viwili vilirudishwa Kenya kutoka kwa makumbusho ya huko. Nguzo za Cape Fox nazo zilikuwa za koo zilizo hai, watu waliokuwa Saxman wakivua samaki na kupeleka watoto shule. Hakuna aliyekwenda kuwauliza.

Mwaka 1990 Marekani ilipitisha sheria inayowawezesha wenyeji wa asili kudai mali zao kutoka makumbusho. Julai 2001, meli ndogo ya kitalii, Clipper Odyssey, ilifuata njia ya Elder ikiwa na wanasayansi na wasanii, kama ile ya kwanza. Safari hii nguzo zilirudishwa, kutoka makumbusho kadhaa yakiwemo Peabody ya Harvard na Field Museum ya Chicago. Zilipokelewa na wajukuu na vitukuu wa wenyewe.

Wazee wa Cape Fox hawakuiacha Peabody mikono mitupu. Waliwapa gogo la mwerezi mwekundu, na mchongaji wao, Nathan Jackson, akalichonga nguzo mpya, ambayo sasa iko Harvard. Ile ilitolewa na wenyewe, kwa hiari.