Lagos Nyingine

Ukisikia Lagos, akili inakimbilia Nigeria, sivyo? Basi ipo Lagos nyingine, kusini mwa Ureno, katika mkoa wa Algarve. Treni ya pwani inayotoka Faro inaishia hapo. Kila kiangazi watalii humiminika kufuata jua, fukwe na samaki wa kuchoma.

Jina Algarve lenyewe si geni kwetu. Ni Kiarabu, al-Gharb, mzizi ule ule uliotupa neno “magharibi”. Waislamu walitawala huko zaidi ya karne tano, hadi Wareno walipokamilisha kuliteka eneo hilo mwaka 1249.

Katikati ya mji kuna sanamu ya Henrique, mwana wa mfalme. Ndiye yule Henry Baharia tuliyekaririshwa darasani kuwa baba wa “uvumbuzi”. Hivi alivumbua nini?

Tarehe 8 Agosti 1444, watu 235 waliotekwa katika pwani ya Mauritania ya leo walishushwa Lagos. Gomes Eanes de Zurara, mwandishi wa historia wa ufalme, ameeleza walivyogawanywa: mama huku, mtoto kule, mume kwingine. Henrique alikuwepo, juu ya farasi. Fungu lake lilikuwa moja ya tano. Zurara alikuwa mtu wa Henrique kabisa, lakini hata yeye alikiri kwamba vilio vyao vilimtoa machozi.

Mwaka 2009, wakati wa kujenga maegesho ya magari chini ya ardhi, ilifukuliwa mifupa ya Waafrika zaidi ya 150, watoto wakiwemo. Walikuwa wametupwa kwenye jalala la zamani nje ya ukuta wa mji. Baadhi walionyesha dalili za kufungwa kamba. Maegesho yakajengwa hivyo hivyo.

Sisi wa Afrika Mashariki huanza kuwahesabu Wareno mwaka 1498, Vasco da Gama alipofika Mombasa na Malindi. Mwaka 1505 Almeida aliipora Kilwa, akaichoma Mombasa. Tukianzia 1498, tunashangaa: wageni hawa wa pilipili na dhahabu wamebadilikaje ghafla? Tukianzia Lagos, hakuna cha kushangaza. Kazi hiyo walikuwa wameizoea kwa miaka 60.

Ukibahatika kufika Algarve, oga baharini, kula samaki. Ila pita na pale kwenye sanamu.

Na mwalimu wako wa historia, yeye alikuambia nini kuhusu Henrique?