Kura 61 kwa 37: Siku Walioambiwa Subiri Walipoamua Kujiongoza

Wacha nianze na aibu yangu mwenyewe.

Nikiwa mwaka wa pili chuoni nilikuwa katibu wa kamati ya kuandaa siku ya watu wanaoishi na ulemavu. Tulikuwa watu tisa. Tulikutana mara sita, tukachanga pesa, tukachapisha fulana, tukabandika mabango hadi kwenye milango ya vyoo. Siku ikafika. Rafiki yangu mmoja anayetembea kwa magongo akasimama chini ya ngazi akiangalia juu. Ukumbi tuliouchagua ulikuwa ghorofa ya tatu, na lifti ilikuwa imeharibika tangu sijui lini.

Tukamwambia tutambeba. Akakataa. Akaniuliza swali moja tu: "Kwani kwa hiyo kamati yenu, nani kati yetu alikuwa anapiga kura?"

Hakukuwa na hata mmoja. Na manze, naapa hakuna mtu kwenye ile kamati aliyekuwa na roho mbaya. Hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Usiku huo nilianza kusoma, na nikakutana na stori ambayo hakuna mwalimu wa historia aliwahi kunifunza. Leo nawapa, kwa sababu nadhani inahusu kila chama, kila kamati na kila kikundi tunachoanzisha huku mtaani.

Twende Kanada, mjini Winnipeg, Juni 1980. Kuna kongamano kubwa la shirika linaloitwa Rehabilitation International. Lilikuwa shirika la zamani, lilianza 1922, na humo ndani walijaa madaktari, wataalamu wa tiba ya viungo, wafanyakazi wa ustawi wa jamii na maafisa wa serikali. Kazi yao ilikuwa kuzungumza kuhusu watu wenye ulemavu. Lakini wenye ulemavu wenyewe walikuwa wachache, na kwenye baraza la kupiga kura ilibidi uwatafute kwa tochi.

Ujumbe wa Uswidi ukaleta hoja: nusu ya wajumbe wa kila nchi kwenye baraza wawe watu wenye ulemavu. Nusu tu. Hakuna aliyesema madaktari wafukuzwe. Watu walikuwa wanaomba kugawana meza ambayo kila siku inajadili maisha yao.

Kura ikapigwa. Waliokubali: 37. Waliokataa: 61.

Hebu soma hizo namba tena. Shirika lililoundwa kusaidia watu wenye ulemavu lilipiga kura, rasmi kabisa, kwamba hao watu wasiwe nusu ya waamuzi. Hapo ndipo nilikumbuka kamati yangu ya watu tisa. Sisi hata kura hatukupiga. Hatukuwafikiria kabisa.

Sasa hapa ndipo stori inanoga. Kwenye kongamano hilo kulikuwa na watu wenye ulemavu kama 250 kutoka nchi mbalimbali, na jioni walikuwa wakikutana pembeni. Waliowakusanya ni Wakanada wa COPOH, muungano wa vyama vya watu wenye ulemavu vya majimbo ya Kanada ulioanzishwa 1976. Kumbe hao walishazoea kujiongoza kwa miaka minne. Walijua jinsi ya kuendesha kikao, kuchagua viongozi na kutoana jasho kwa hoja bila kuvunja chama. Kwa hivyo matokeo ya ile kura yalipofika, hawakuandika barua ya kulia. Waliunda kamati ya muda, mwenyekiti akawa Henry Enns, Mkanada aliyetumia kiti cha magurudumu, na kazi ikaanza ya kujenga shirika lao wenyewe.

Mwishoni mwa 1981 walikutana Singapore, wajumbe zaidi ya 400, na Disabled Peoples' International ikazaliwa. Ifupishe, iite DPI. Mwenyekiti wa kwanza alikuwa Ron Chandran-Dudley, raia wa Singapore asiyeona. Mwaka huo ndio Umoja wa Mataifa ulikuwa umeutenga kwa mambo ya ulemavu. Mwanzoni ulipangwa kuitwa mwaka "kwa ajili ya" watu wenye ulemavu, halafu jina likabadilishwa likawa mwaka "wa" watu wenye ulemavu. Neno dogo hivyo, lakini ukifikiria vizuri, ni tofauti kati ya kupewa zawadi na kuwa mwenye nyumba.

Watu wengi wakifika hapa hupiga makofi na kuondoka. Mimi nilitaka kujua kilichofuata, kwa sababu kutoka kwenye mkutano kwa hasira mtu yeyote anaweza. Kuongoza chenu kesho yake ndiyo kazi.

Walijiwekea sheria, na tatu zilinivutia. Ya kwanza, nchi inaingia kupitia baraza la kitaifa linalounganisha vyama vya walemavu, wala si kwa mtu mmoja maarufu anayejiita msemaji wa wote. Ya pili, wanaoamua wengi wao lazima wawe watu wenye ulemavu. Wataalamu wanakaribishwa kushauri, lakini usukani si wao. Ya tatu ndiyo iliniacha mdomo wazi: dunia iligawanywa kanda tano, na kila kanda ikapata viti sawa kwenye baraza la dunia. Afrika, ambayo haikuwa na pesa, ilipata viti sawa na Ulaya yenye pesa.

Fikiria chama chenu cha mtaani. Yule anayetoa mchango mkubwa si ndiye huongea wa kwanza na wa mwisho? Hao watu waliandika kwenye katiba kwamba pesa haitanunua kiti. Na ilizaa matunda. Joshua Malinga wa Zimbabwe, mtu wa kiti cha magurudumu, baadaye aliiongoza DPI, na pia akawa meya wa Bulawayo.

Lakini tusidanganyane kwamba walikuwa malaika. Mwaka wa 1985 DPI ilifanya kongamano la dunia huko Nassau, Bahamas. Wanawake wakasimama. Wakauliza mbona uongozi umejaa wanaume, wakadai uwakilishi sawa. Unaona hiyo? Miaka mitano tu baada ya Winnipeg, watu walionyimwa nusu walikuwa wanaulizwa nusu iko wapi. Na baadaye sana, DPI iliingia kwenye mivutano ya uongozi kama chama kingine chochote. Kumiliki meza hakukuzuii kugombana juu yake.

Kwangu mimi hilo halivunji hoja, linaikamilisha. Madaktari wakikukosea, huna pa kusimama. Viongozi wako wakikukosea, una katiba, una kura, una kongamano lijalo. Wale wanawake wa Nassau walikuwa na mahali pa kusimama.

Tukirudi nyumbani, Kenya haikungoja Winnipeg. Kenya Union of the Blind ilianzishwa 1959, hata bendera ya uhuru haijapanda. Mwaka wa 1989 ukaja muungano wa United Disabled Persons of Kenya, unaoleta pamoja vyama vya watu wenye ulemavu tofauti. Jaribu kuwaza kikao cha muungano kama huo. Kiziwi anahitaji mkalimani wa lugha ya ishara. Asiyeona anahitaji makaratasi kwa Breli, na ayapate mapema, kwa sababu akiyapata baada ya kikao ni kama alipiga kura gizani. Mwenye ulemavu wa akili anahitaji hoja ielezwe kwa lugha rahisi na apewe muda. Kikao kinachukua saa nyingi na kinakula pesa. Lakini ukiruka hata kimoja, kuna watu umewafungia nje huku majina yao yako kwenye orodha ya waliohudhuria.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inasema angalau asilimia 5 ya watu kwenye nyadhifa za kuchaguliwa na kuteuliwa wawe watu wenye ulemavu, hatua kwa hatua. Bunge la Taifa lina wabunge 349. Piga hesabu, asilimia 5 ni kama 17. Hatujawahi kufika. Hizo hatua zimekuwa ndogo sana, bana.

Najua kuna mtu atasema, "Lakini utaalamu ni muhimu, mgonjwa hawezi kuendesha hospitali." Sawa. Daktari anajua mguu wangu kuniliko. Ila mguu huo unataka kwenda wapi, hajui. Na ulemavu si wodi ambayo utatoka Ijumaa. Ni maisha, kuanzia matatu hadi kibanda cha kura.

Julai 2018, London ilipokea mkutano wa kwanza wa dunia wa viongozi kuhusu ulemavu. Wenyeji walikuwa watatu: serikali ya Uingereza, serikali ya Kenya, na International Disability Alliance, muungano wa mashirika ya watu wenye ulemavu wenyewe. Mwaka wa 1980 walinyimwa nusu ya viti. Mwaka wa 2018 ndio walioalika.

Na yule rafiki yangu? Mwaka uliofuata alikuwa mwanakamati, yeye na wenzake wawili. Kikao cha kwanza nilileta pendekezo langu, nimelipamba vizuri. Akalipinga. Tukapiga kura, nikashindwa 6 kwa 3. Niliumia kidogo, siwadanganyi. Lakini tukio tulilifanya chini, uwanjani, chini ya hema, na hakuna mtu alibebwa.

Kwa hivyo wiki hii, ukikaa kwenye kamati yoyote, ya kanisa, ya msikiti, ya chama, ya darasa, angalia kwanza inaamua maisha ya nani. Halafu hesabu wangapi kati yao wako hapo ndani na kura mkononi. Ukipata sufuri, usianze na mabango.